Tamthilia Ikipanda Ukumbini, Shabiki Analipia Nini?

Usiku wa Desemba 31, 2025, Netflix iliitoa sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Stranger Things mahali pawili kwa wakati mmoja: kwenye akaunti za wateja wake, na kwenye kumbi zaidi ya 500 za sinema nchini Marekani na Kanada. Mwenye akaunti angeweza kuitazama amejilaza kitandani bila kuongeza hata senti. Hata hivyo, watu zaidi ya milioni moja walivaa makoti mkesha wa mwaka mpya na siku iliyofuata, wakaenda kuketi na watu wasiowajua. Kwa saa zetu za Mombasa ilikuwa saa kumi alfajiri ya Januari 1. Shabiki wa hapa aliyekesha aliitazama kwenye simu, taa imezimwa, eafoni masikioni ili asiamshe nyumba.

Nimesikia watu wakiuliza, na wengine wakicheka: mtu anawezaje kulipa nauli, akapanga foleni, kwa ajili ya kitu anacho mfukoni? Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Shabiki anayekwenda ukumbini kuona sehemu ya tamthilia analipia watu atakaoketi nao. Mwandalizi akilielewa hilo, mashabiki humpenda. Akidhani anachouza ni ukubwa wa picha, humgeuka. Na mji huu, uliozoea kutazama kwa pamoja tangu enzi za babu zetu, hauna sababu ya kungoja mpaka mtu wa mbali aukumbuke.

Ushahidi wa hilo ulikuwepo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwishoni mwa Januari 2015, sehemu mbili za mwisho za msimu wa 4 wa tamthilia ya Game of Thrones zilipelekwa kwenye kumbi za IMAX, zile zenye skrini kubwa mno, zaidi ya 200 huko Marekani. Sehemu hizo zilikuwa zimeshaonyeshwa kwenye televisheni Juni 2014. Kila aliyeingia alikuwa anajua nani atatoroka gerezani, nani ataangukia kwenye barafu, na nani atapigwa mshale akiwa chooni. Habari mpya haikuwepo, ila kionjo cha msimu wa 5 kilichowekwa mwishoni. Watu wakaenda. Walikwenda kushtuka tena, safari hii wakiwasikia wenzao wakishtuka.

Halafu tazama kinyume chake. Septemba 1, 2017, sehemu mbili za kwanza za Inhumans, tamthilia ya Marvel iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya ABC, zilizinduliwa kwenye IMAX wiki nne kabla hazijafika majumbani. Kila kitu kilikuwa upande wake: hadithi mpya kabisa, jina la Marvel, na picha zilizopigwa kwa kamera za IMAX zenyewe. Wakosoaji waliiponda, watazamaji hawakujitokeza, na baada ya msimu mmoja wa sehemu 8 ikafutwa. Wapo wanaosema ilikuwa mbovu tu, na siwapingi. Lakini ubovu peke yake hautoshi kueleza, kwa sababu vitu vibovu vimejaza kumbi mara nyingi. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa ameshawapenda wahusika wale. Mapenzi ya tamthilia hulelewa nyumbani, wiki baada ya wiki, mpaka mtu amzungumzie mhusika kama jirani yake. Ukumbi huwakusanya watu waliokwisha kupenda. Kuwafanya wapende ni kazi ya sebule.

Waliolielewa jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni BBC. Novemba 23, 2013, miaka 50 kamili tangu tamthilia yao ya Doctor Who ianze, walirusha sehemu maalumu kwa nchi 94 kwa wakati mmoja, hata wakaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Uingereza ilikuwa saa 1:50 usiku. Hapa kwetu saa 4:50. Sehemu hiyo hiyo ilionyeshwa kwenye kumbi za sinema, na kabla haijaanza, waliokuwa ukumbini walionyeshwa kipande kifupi kilichotengenezwa kwa ajili yao tu, mmoja wa wahusika akiwafundisha adabu za ukumbini kwa vitisho vya kuchekesha. Watu walikuwa wamevaa skafu ndefu na vitai vya kipepeo, mavazi ya mashujaa wao. Kile kipande cha mwanzo hakikugharimu kitu kikubwa, lakini kilimwambia shabiki kwamba waandalizi wanajua amekuja na wamefurahi kumwona. Ninapofikiria namna ya kumheshimu mtazamaji, mfano huo ndio unaonijia kwanza.

Mashabiki nao wana malalamiko, na mengi ni ya haki. La kwanza ni la kulipishwa mara mbili. Mtu analipa kila mwezi, kisha anaambiwa ile sehemu aliyoingoja miaka inapendeza zaidi kule, na kule kuna mlango wa pesa. Kwa Stranger Things hapakuuzwa tikiti. Mtu alinunua vocha ya chakula, dola 20 kwenye kumbi za AMC, takriban shilingi 2,600 za kwetu, na thamani yake akaipata kwa bisi na soda. Naona huo ni utaratibu wenye adabu kwa shabiki aliyekwisha kulipia akaunti, ingawa kiasi hicho Mombasa ni matumizi ya nyumba ya siku mbili tatu.

Jingine ni la kuuziwa kitu kisichokuwa kile kilichotangazwa. Mwaka 2023, Demon Slayer, tamthilia ya katuni ya Kijapani, ilizungushwa kwenye kumbi za nchi nyingi ikiwa na sehemu mbili za mwisho za msimu uliopita zikifuatwa na sehemu ya kwanza ya msimu mpya. Aliyejua anachokwenda kukiona alifurahia kupigana tena vile vita kwenye sauti inayotikisa kiti. Aliyenunua tikiti akidhani ni filamu mpya alikuwa na kila haki ya kunung'unika. Bango likisema ukweli, nusu ya ugomvi huu huisha.

Na kuna lalamiko la picha, ambalo linahitaji uangalifu. Wapo wanaosema kitu kilichopigwa kwa ajili ya televisheni hakina kazi kwenye skrini kubwa. Nawakumbusha sehemu ya Game of Thrones iliyotoka Aprili 28, 2019, ile ya vita vya usiku kucha dhidi ya wafu. Watazamaji duniani kote walilalamika kwamba hawaoni kitu, ni giza tupu. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijitetea kwa kusema kwamba watu wengi hawajui kurekebisha televisheni zao. Jibu hilo liliwaudhi wengi, mimi nikiwemo. Anayetengeneza kitu kwa ajili ya majumba ya watu lazima ajue majumba hayo yakoje. Sebule za Kisauni na Changamwe zina madirisha wazi kwa sababu ya joto, mwanga wa barabarani unaingia, feni inavuma, na mara nyingi "televisheni" yenyewe ni simu. Netflix walilijua hilo walipofungua huduma ya bure kwa simu za Android nchini Kenya mwaka 2021, kabla ya kuifunga mwaka 2023. Kwa hiyo zipo sehemu za tamthilia zilizotengenezwa kwa giza na sauti ambazo nyumba ya kawaida haina. Hizo zinastahili ukumbi, na ni haki ya mtazamaji kuziona inavyopasa angalau mara moja. Lakini hata hapo picha ni nyongeza. Mtu mmoja ukumbini, peke yake, na ile giza nzuri yote, hatasema alihudhuria jambo.

Wanaodai kwamba hadithi ya vipande haijawahi kuwa na mahali kwenye sinema wanasahau ilikozaliwa. The Perils of Pauline ya mwaka 1914 ilikuwa na vipande 20, na Flash Gordon ya 1936 vipande 13, vyote kwa ajili ya kumbi za sinema. Kila wiki kipande kimoja, kikiishia shujaa akiwa kwenye mdomo wa kifo, na watoto wakirudi wiki ijayo na senti zao kuona amepona vipi. Televisheni ndiyo iliyozichukua hadithi hizo na kuzipeleka sebuleni, na kufikia 1956 studio za Marekani zilikuwa zimeacha kuzitengeneza. Miaka kumi haikupita kabla sehemu za The Man from U.N.C.L.E., tamthilia ya televisheni, hazijaunganishwa na kuuzwa kama filamu. Tunachokiona leo ni mtu kurudi kwao.

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo nina la kusema.

Mombasa ilikuwa mji wa sinema. Regal, Majestic, Lotus, Kenya: wazee wa Mji wa Kale na Majengo wakiyataja majina hayo, sauti zao hubadilika. Walikwenda kuona filamu za Kihindi za saa tatu, zenye mapumziko katikati, na waliipenda filamu moja kiasi cha kuirudia mpaka nyimbo zake wakazijua kwa moyo hali lugha yenyewe hawaijui. Hakuna aliyerudi mara ya nne ili ajue hadithi inaishaje. Alirudi kuimba na watu. Nyongeza ya kachri na mabuyu ilikuwa sehemu ya tikiti, ingawa haikuandikwa humo. Kisha ikaja mikanda ya video, yakafuata madishi na DVD, na majumba yale yakafungwa moja baada ya jingine. Leo mtu akikwambia anakwenda sinema, aghalabu anavuka daraja kwenda Nyali.

Majumba yalikufa, lakini tabia haikufa. Ilihamia kwenye banda la video: mabenchi, televisheni moja, spika mbili, kiingilio cha shilingi kumi au ishirini, na sauti ya DJ Afro ikitafsiri filamu ya Kimarekani au Kichina kwa namna ambayo mwandishi wake hakuiota. Ikahamia vilevile kwenye vibanda vya mpira. Jumamosi jioni ukipita Mtongwe au Bamburi, utawaona wanaume wazima, wengine wana king'amuzi nyumbani, wamelipa kuketi kwenye kiti cha plastiki kutazama Arsenal. Hakuna anayewauliza kwa nini hawakubaki nyumbani. Mtaa mzima unajua kwamba bao bila watu wa kulipigia kelele ni nusu ya bao. Shabiki wa tamthilia anaomba kitu kile kile, na sijui kwa nini yeye anaonekana mpuuzi.

Kilichompata shabiki wa tamthilia ni kwamba wenzake wametawanywa. Kwa miaka mingi vijana wetu wamezifuata tamthilia za nje kwa kwenda kwenye duka la muvi na kutiliwa msimu mzima kwenye flashi. Mmoja anaumaliza kwa usiku mmoja, mwingine anauchukua mwezi, wa tatu anafika sehemu ya sita flashi inaharibika. Huduma za mtandaoni zimefanya vivyo hivyo kwa njia halali: kila mtu na ratiba yake, kila mtu na bando lake. Matokeo ni kwamba wapenzi wa hadithi moja hawawezi hata kuizungumza barazani, kwa kuogopa kumwaga mtama mbele ya asiyefika. Wanapendana na hadithi ile ile kwa upweke. Onyesho la ukumbini linarekebisha jambo hili moja tu, lakini ndilo kubwa: kwa saa mbili, wote wako mahali pamoja kwenye hadithi.

Ndiyo maana ugomvi wa kelele, ambao mashabiki huugombania kila yanapofanyika maonyesho haya, mimi nauona una jibu. Wapo wanaotaka kimya, wasikie kila neno. Wapo wanaopiga makofi shujaa akitokea, wakalia kwa sauti akifa. Kwenye filamu mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona, nawaunga mkono wa kimya. Kwenye sehemu ya tamthilia ambayo ukumbi mzima umeifuata kwa miaka, anayetaka kimya kamili ana nyumba yake, na hadithi anayo huko. Waliokwenda banda la video wanajua kwamba watu wanaweza kupiga kelele na bado wasikose kitu, kwa sababu wanajua wakati wa kunyamaza. Steling anapolia kwa mama yake, banda zima hutulia bila kuambiwa.

Simu ni jambo jingine. Kila onyesho la namna hii linapofanyika, kesho yake vipande vilivyorekodiwa ukumbini vinazagaa, na wa kwanza kuumia ni shabiki ambaye hakuwa na njia ya kufika. Hapa sina huruma. Aliyepata bahati ya kuona kwanza ana dhamana kwa wasioona. Kujirekodi ukilia mbele ya skrini, kisha kuirushia dunia nzima sura ya mhusika aliyekufa, ni kuwadhulumu watu waliopenda kitu kile kile unachokipenda.

Na hilo linafungua donda la wanaoachwa nje. Mwaka 2024, The Chosen, tamthilia ya maisha ya Yesu iliyoanza kwa michango ya watazamaji wenyewe, ilipeleka msimu wake wa 4 wote, sehemu 8, kwenye kumbi za sinema kuanzia Februari. Kwenye programu yake ya bure sehemu hizo zilianza kupatikana Juni. Sababu zilikuwepo, ukiwemo mgogoro wa kisheria, lakini kwa mtazamaji asiyekuwa na ukumbi karibu sababu hizo hazikumpunguzia kitu. Alisubiri miezi minne akisoma wengine wakisimulia. Naiona hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kufanya jambo hili zuri: kuufanya ukumbi kuwa lango ambalo lazima upite, badala ya baraza unayokaribishwa. Doctor Who na Stranger Things, pamoja na kasoro zao, zilimpa wa nyumbani na wa ukumbini dakika ile ile. Hilo ndilo sharti la kwanza ambalo mashabiki wangepaswa kulidai popote.

Hata hivyo, dakika ile ile kwa Los Angeles ni saa kumi alfajiri kwetu, na hatutabadilisha mzunguko wa dunia. Sioni ukumbi wa Mombasa ukijaa saa hiyo mara nyingi, wala sioni kampuni za ng'ambo zikiharakisha kutupa haki za maonyesho kwa ajili ya ukumbi mmoja wa Pwani. Sheria nayo iko palepale. Akaunti ya Netflix ni ya nyumbani, na anayeifungua mbele ya watu waliolipa kiingilio anavunja masharti yake. Na filamu yoyote inayoonyeshwa hadharani Kenya inataka kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu chini ya sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kwa hiyo shabiki wa tamthilia za nje Mombasa ataendelea kwa muda kukusanyika kwa rafiki mwenye televisheni kubwa. Si vibaya. Lakini macho yetu yasibaki huko.

Tamthilia zenye watu wake hapa tunazo. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, waliiletea televisheni ya Citizen tamthilia ya Maria, ikafuata Zora, kisha Sultana. Hii ya mwisho ilisemwa kwa Kiswahili chenye ladha ya Pwani, yenye nyumba, mavazi na ugomvi ambao mtu wa Kilifi au Likoni anaujua. Hazikuwa za flashi wala za akaunti. Zilitoka jioni baada ya taarifa ya habari ya Kiswahili, siku za kazi, na nchi nzima ikazitazama kwa wakati mmoja. Kina mama walipanga mapishi kwa kufuata saa hiyo. Shabiki wa tamthilia hizi hakutawanywa na mtu, na yuko tayari kabisa. Anayetafuta watazamaji waliolelewa kwenye mapenzi ya hadithi, wale ambao Inhumans haikuwa nao, atawapata Majengo saa moja na nusu usiku.

Lakini tamthilia hizo zinapofika mwisho, baada ya miezi mingi ya kila jioni, huaga vipi? Sehemu ya mwisho inatoka, kila nyumba inalia kivyake, kesho yake inaanza nyingine. Baadhi ya wasanii wa tamthilia hizi ni vijana wa Pwani, na hawajawahi kusikia ukumbi mzima ukishusha pumzi kwa sababu yao. Hilo linaniuma kweli. Mwigizaji wa jukwaani hupata malipo hayo kila usiku. Wa televisheni hukutana na mapenzi ya watu sokoni, mtu mmoja mmoja, akiitwa kwa jina la mhusika.

Wakosoaji watasema tamthilia ya kila siku imetengenezwa haraka, na skrini kubwa itaianika. Nimelifikiria hilo. Kwa upande wa picha, hofu hiyo imekuzwa. Kamera za leo za televisheni hupiga picha ya pikseli 1920 kwa 1080. Projekta ya kidijitali ya 2K, ambayo ni kiwango cha kawaida kwenye kumbi, ina 2048 kwa 1080. Tofauti hiyo jicho halitaiona kutoka safu ya tano. Shida ya kweli iko kwenye sauti. Tamthilia ya kila siku huchanganywa kwa ajili ya spika ndogo za televisheni, mazungumzo yakisukumwa mbele na muziki ukijaza mapengo. Ukiipandisha ukumbini kama ilivyo, muziki utawapiga watu masikioni na mlio wa pikipiki iliyopita siku ya kurekodi utasikika kama uko chumbani. Lazima sauti ichanganywe upya. Kwa sehemu moja au mbili za mwisho, hiyo ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua kazi yake, na waandishi wakijua mapema kwamba sehemu hiyo itakwenda ukumbini, wataiandika hivyo: ndefu kidogo, na mandhari ya nje yenye bahari yetu badala ya sebule tupu.

Kuhusu mahali, Nyali pana viti, giza na sauti nzuri, ila pana bei yake, na nauli ya tuktuk kutoka upande wa kisiwani usiku si ya kila mtu. Ningependa kuona jambo hili likijaribiwa kwenye uwanja wa wazi. Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019, imejengwa kwa mikusanyiko, na tayari familia huenda pale jioni na mihogo yao ya kukaanga. Wenzetu wa Zanzibar wamekuwa wakionyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe tangu tamasha la ZIFF lilipoanza mwaka 1998, watu wameketi chini ya nyota na kuta za mawe zimewazunguka, na sijasikia mtu akilalamika kwamba picha si kubwa vya kutosha.

Kuna mambo ya kwetu ambayo mwandalizi wa Nairobi anaweza kuyasahau. Onyesho lianze baada ya isha, si kati ya magharibi na isha, maana nusu ya watu watatoka katikati. Kuwe na sehemu ambayo kina mama na mabinti wataketi kwa raha bila kusukumwa na vijana. Sipendekezi kutenganisha watu kwa nguvu. Mapenzi ya tamthilia hizi yamebebwa zaidi na wanawake, na wao ndio wa kwanza kubaki nyumbani mahali pakiwa na vurugu. Lisipite saa nne usiku, ili mtu wa Likoni avuke feri na watoto bado wanatembea kwa miguu yao. Kiingilio kisizidi bei ya sahani ya biriani, na ikiwezekana kifuate ule mtindo wa vocha: unacholipa ukile, kwa viazi karai na maji ya ukwaju vya kina mama wa mtaani waliopewa meza pale pale.

Na kituo cha televisheni kirushe sehemu hiyo hiyo kwa dakika hiyo hiyo, ili mtu wa Lamu, Voi au Lunga Lunga asisubiri wala asisimuliwe. Atakayebaki nyumbani atakuwa amechagua. Kituo hakipotezi matangazo hata moja kwa mpango huu, na wasanii watakuwa wameketi safu ya mbele, hawajaambiwa wapige magoti mbele ya kamera wala watoe hotuba, wanasikiliza tu watu nyuma yao.